Kiuno cha Mwenye Nyumba

Itangazwe kwa wapangaji wote, wenye milango na walionyang'anywa, kwamba katika chumba namba nne anaishi simba wa sheria, ngao ya wanyonge, mwanamke aliyembwaga mwenye nyumba wake kwa daftari la kurasa themanini. Msimtafute kwenye sanamu. Yuko kwenye cherehani, pini zimejaa mdomoni, na watu humwita Futi kwa sababu utepe wa kupimia haumtoki shingoni.

Futi amekaa chumba hicho miaka sita, analala upande wa dirisha, anashona upande wa mlango. Jumatatu moja mwenye nyumba alifika na seremala, wakang'oa mlango.

"Mpwa wangu anafungua duka la simu hapa," alisema. "Ijumaa nikute chumba kitupu."

"Lakini kodi si nimelipa, baba?"

"Umelipa, asante. Sasa hama."

Futi akatundika shuka penye mlango, akarudi kwenye kola ya shati la mtu. Alijikaza, lakini kinyozi wa chumba cha pili alimkuta anakanyaga cherehani isiyo na uzi. Chumba kile ndicho kitanda chake na ndicho kazi yake. Akikikosa, amekosa vyote kwa mpigo.

"Dada, usitoe hata kijiko," kinyozi alimwambia. "Mzee hawezi kukutoa bila amri ya baraza la nyumba. Ukihama mwenyewe umemrahisishia. Nenda kalalamike."

"Wewe sheria umesomea wapi?"

"Namnyoa karani wao. Mtu akiwekewa wembe shingoni husema mengi."

Kesho yake karani, mwenye kisogo kilichonyolewa vizuri, alipokea lalamiko na kuuliza mkataba. Futi na mzee walikubaliana kwa mdomo tu. Risiti je? Mzee hatoi risiti, hutoa kikohozi.

"Basi lete chochote chenye tarehe kinachoonyesha unakaa pale," karani alisema. "Barua, bili, chochote."

Alhamisi mwenye nyumba alitinga barazani na suti, vifungo vikiomba msaada. Akamwinamia mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani.

"Mheshimiwa, huyu si mpangaji. Ni mgeni tu, nilimhifadhi mwezi juzi kwa huruma zangu."

Futi akamsogezea mwenyekiti daftari lake la vipimo.

Hapa lazima mjue kwamba mzee yule haamini hata kivuli chake. Suruali ya kwanza aliyoshonewa na Futi ilimbana, akadai fundi amechezea namba. Tangu siku hiyo, kila akipimwa anaandika mwenyewe tarehe na mahali, kisha anatia saini, asije akadhulumiwa.

Mwenyekiti akasoma kwa sauti. "Kiuno, inchi thelathini na nne. Nimepimwa mimi mwenye nyumba, ndani ya nyumba yangu, chumba namba nne, anapokaa fundi." Akatazama tarehe. Miaka sita iliyopita. Akafunua mbele. "Thelathini na nane." Akafunua tena. "Arobaini na tatu. Mzee, mgeni wa mwezi juzi amekushuhudia ukinenepa miaka sita?"

"Hiyo ya mwisho alilegeza utepe," mzee alilalamika.

"Na hizo nyingine?"

"Hizo ni sahihi. Niliziandika mwenyewe."

Karani akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza, mabega yakimtikisika.

Baraza likaamua: mlango urudi siku hiyohiyo, na mzee akikitaka chumba, atoe notisi ya maandishi ya miezi mitatu, bila seremala.

Jioni seremala yuleyule alipomaliza kugongomea bawaba, majirani walijaa kibarazani. Kinyozi akasimama kizingitini, akakohoa kama mgeni rasmi.

"Ndugu wapangaji, mbele yenu ameketi mwanamke aliyeitikisa dunia ya wenye nyumba. Dada Futi, wape wosia."

Futi akatoa pini mdomoni.

"Toka hapo, unaniziba mwanga. Suruali ya mzee inatakiwa Jumamosi."