Taa ya Tangi la Baba

Asubuhi ile nilipiga ukelele mpaka mama akatoka chumbani bila mtandio. Tangi la samaki la marehemu baba lilikuwa kijani tupu. Si mimea, ni maji yenyewe, mazito kama isombe, mchuzi wa majani ya muhogo. Samaki sikumwona hata mmoja. Nilishika kichwa kwa mikono miwili, maana mwenye kosa nilikuwa mimi.

Mama alikuwa katika eda, miezi minne na siku kumi ambazo mjane hatoki. Alishinda sebuleni kwetu Nyakabanda, na kitu pekee alichopenda kukitazama ni lile tangi dogo juu ya kabati. Akiwaona samaki wakipita kwenye mimea aliyoipanda baba, alikula, na mara moja moja alicheka. Kwa hiyo taa ya zamani ilipoungua na mimea ikaanza kulegea, nilifunga duka langu la kushona, nikaenda Gisimenti kwenye duka la samaki wa mapambo siku hiyo hiyo.

Muuzaji aliniwekea taa mbili mezani.

"Dada, chukua hii ndogo. Hii ingine iko na mwanga mingi sana, ni ya tangi kubwa."

Mimi ni fundi cherehani, nani wa kunifundisha habari za taa? Nikatoa mkobani nyuzi mbili, moja nyeusi, moja bluu iliyokoza. Chini ya ile ndogo zilifanana. Chini ya ile kubwa nilizitofautisha kwa mbali.

"Nachukua hii kubwa."

"Oya, hapana, dada. Samaki hawashoni."

Nikacheka, nikaibeba. Ndivyo nilivyo, nikijua kitu kimoja vizuri najiona nimevijua vyote. Nyumbani niliiwasha alfajiri na kuizima tukienda kulala, ili mama asikose cha kutazama. Siku za kwanza mimea ilisimama wima, nikajisifu kwa majirani. Kisha kioo kikaanza kuteleza na maji yakapoteza ung'avu, nami nikasema ni vumbi tu. Mpaka asubuhi ile.

Mama alisogea hadi pua ikagusa kioo. Hakugomba.

"Umenifungia dirisha," alisema.

Afadhali angenipiga. Nilianza kumlaumu muuzaji, kisha umeme, kisha maji ya bomba. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Unawasha saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Baba yako alikuwa anawasha akienda msikitini Adhuhuri, anazima akirudi Isha. Miaka yote. Hukuona?"

Niliona! Hilo ndilo lililoniuma. Niliona, na nikamcheka mbele ya wateja, nikamwita bahili wa umeme. Yeye alitabasamu tu na kuendelea kupiga pasi nguo nilizoshona. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nilihesabu kwa vidole, ikawa masaa saba na kidogo.

Nilirudi Gisimenti na taa yangu mkononi. Muuzaji alisema kabla sijafungua mdomo:

"Maji imekuwa kijani, mwanga mingi inaotesha mwani. Sasa weka hii ndogo, masaa saba ao nane kwa siku, usipitishe. Lakini kwanza funika tangi siku nne, giza kabisa, mwani ikufe."

Kitambaa cheusi ninacho cha kutosha. Siku nne mama alikaa mbele ya kitambaa kile, sahani yake ikirudi jikoni karibu kama ilivyokwenda. Sikuwa na ujasiri wa kumtazama usoni. Siku ya tano nilikivuta.

Maji yalikuwa safi. Samaki wote watano walikuwa hai, wamejikusanya chini ya mmea mkubwa wa baba, na katikati ya mmea kulikuwa na jani jipya. Mama alilia, nami nikalia.

Tangu siku hiyo, kila mchana nilimkuta mama akiinuka, akiwasha taa, ndipo anatandika mswala wake. Usiku, akimaliza Isha, anaizima. Na mimi, fundi nisiyekoma, nikamwambia kuna kifaa kinachowasha na kuzima chenyewe, nitamletea kutoka Gisimenti asijisumbue.

Alinitazama kwa mshangao, mkono wake ungali kwenye swichi.

"Halafu mimi nitakuwa namfanyia nini baba yako?"