Mkono wa Hamisi na Dufu la Maulidi

Siku ile ya maulidi naikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka damu inanichemka mpaka leo, na uzee wangu huu.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, kijijini kwetu, mbele kidogo ya Pande. Nilikuwa kijana mpiga dufu, na kila Jumamosi nilikwenda gerezani kuwafundisha wafungwa, maana bwana jela alitaka kikundi cha dufu. Huko nikamkuta Hamisi, jirani yetu, aliyefungwa kwa kuiba korosho za shamba la kijiji. Aliiba, sikatai. Lakini wenzake walipiga kwa nguvu, yeye alipiga kwa kusikiliza. Nilimpenda kwa hilo.

Sikukuu ya Uhuru ilipofika wafungwa waliletwa kijijini wapige mbele ya wageni. Mwenyekiti wetu wa kijiji akasimama kuwapigia makofi, akahutubia kwamba gereza ni chuo, tazameni mtu anavyojengwa. Tukashangilia wote. Hamisi alikuwa kwenye nguo za jela, askari nyuma yake.

Akamaliza kifungo, akarudi nyumbani. Maulidi yakawadia. Baada ya Alasiri wapiga dufu tulikaa mkekani kwa safu, bega kwa bega, maana kwetu safu huyumba pamoja, na asiye ndani ya safu hapigi. Hamisi akaja na kanzu iliyofuliwa vizuri, akasalimia, akasimama kungoja nafasi. Hakuna aliyesogea.

Mwenyekiti, yule yule, akamwambia, "Hamisi, kaa kule nyuma na wasikilizaji. Mkono ulioiba haushiki dufu la maulidi."

"Shikamoo, mzee," Hamisi alisema taratibu. "Siku ya Uhuru si ulinipigia makofi?"

"Ile ilikuwa shughuli ya serikali."

Hebu nieleze wewe, mwanangu, uliyesoma. Mkono ni ule ule. Ulipokuwa na askari nyuma yake ulikuwa safi, ulipoachiwa huru ukawa najisi. Walimtaka mfungwa awachangamshie sherehe yao. Awe jirani yao, hawakumtaka. Huo ni unafiki, na sitafuti neno laini la kuufunika.

Nililibwaga dufu langu, nikainuka niondoke. Maalim Athumani, mkubwa wa safu yetu, akanishika kanzu.

"Unakwenda wapi? Ukitoka watakuwa wamewaondoa wawili, na watalala vizuri. Kaa chini. Usogee."

Nikakaa, nikasogea. Naye akasogea upande wake, na magoti yake yale mabovu. Pakapatikana nafasi ya mtu mmoja. Hamisi akakaa katikati yetu, nikamwekea dufu langu mapajani. Mwenyekiti akavaa viatu, akaondoka na jamaa zake. Maulidi yakasomwa. Hamisi alipiga huku machozi yanamtoka, na hakukosea hata mara moja.

Usidhani walitubu. Mwenyekiti alikufa bila kumpa Hamisi mkono.

Basi shika hili. Utasikia watu wanasifia mafunzo ya magerezani, ngoma, useremala, kila kitu. Usipige makofi tu. Muulize anayesifia: mfungwa akitoka, atakaa wapi? Na kama safu ni yako, usingoje kikao wala ruhusa. Sogea wewe kwanza, hata kama jirani yako amenuna.

Mwenyezi Mungu akupe kifua cha kukasirikia dhuluma, na akupe subira ya kubaki mkekani. Amina.