Ng'ombe wa Mahari Bado Sijawakamua

Bwana Mhariri, nifichie jina na kijiji. Wasomaji, wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na tisa, Mnyiha wa upande wa Itaka. Nina shamba la kahawa aliloniachia marehemu na mtoto mmoja tu, binti wa miaka kumi na minane. Kuandika nilijifunza misheni. Ninaandika gazetini kwa sababu hapa kijijini sina wa kumweleza, kila ninayemjua amekula nyama iliyotolewa na yule mtu.

Yule mtu sisi tunamwita Mzee wa Mpakani. Vijana wake wanaiba ng'ombe huku, wanawavusha Tunduma, na wa ng'ambo wanaletwa kuuzwa huku. Hilo si siri, hata watoto wanalijua. Lakini mabati ya kanisa alitoa yeye, jumbe, mkuu wa kijiji chetu, anapanda baiskeli aliyopewa na yeye, na mwanamume aliyekosa kodi ya kichwa hukimbilia kwake. Ni nani atamnyooshea kidole? Mwenye nguvu mpishe, ndivyo tunavyofundishana.

Mwaka juzi walichukua maksai wetu, Fundi, aliyekuwa akilima shamba letu na mashamba ya majirani. Mume wangu akafuata kwato mpaka karibu na mpaka. Alirudishwa kwenye machela, mbavu zimevunjika, akafariki. Jumbe akamwambia askari wa boma kwamba marehemu aliteleza kwenye mawe.

Siku ya msiba Mzee wa Mpakani akaja na ng'ombe wa rambirambi. Alikuwa Fundi. Sikio walikuwa wamelikata upya kufuta alama yetu, lakini lile kovu la moto ubavuni, alilolipata banda letu lilipowaka, wangelificha wapi? Watu wote walimtambua. Walitazama chini, wakanoa visu. Mimi nikapiga goti nikasema, "Asante, baba, kwa kutukumbuka." Nyama sikuila, ila hayo maneno niliyasema, na mpaka leo yananiwasha kooni.

Sasa Mzee huyo anamtaka binti yangu kwa mwanawe. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, amepokea ng'ombe sita bila kuniuliza, wako zizini kwangu. Desturi yetu, mama wa binti akishawakamua ng'ombe wa mahari, posa imekubaliwa. Sijawakamua. Maziwa wananyonya ndama, na asubuhi nikipita zizini nageuza uso.

Shemeji amekasirika. "Shemeji, ukiwarudisha hao ng'ombe, na wewe urudi kwenu," ameniambia. "Shamba ni la ukoo."

Nilijua binti yangu angalau angekuwa upande wangu. Nikamkumbusha nani alimuua baba yake. Alikuwa anachambua kahawa, wala hakuinua kichwa. "Mama, najua," akasema. "Lakini baba alikuwa na haki, ikamsaidia nini? Nikiolewa kule, hakuna atakayetugusa tena. Wewe utalala usingizi." Nililia mbele ya mtoto wangu, jambo ambalo sikulifanya hata kwenye msiba. Wale watu walimchukua baba yake kwa marungu, yeye wamempata kwa kumtia hofu tu, tena amewashukuru.

Jana akaja jirani yangu, Mama Tabu, mjane mwenzangu. Mmoja wa wale sita, jike mwenye pembe iliyopinda, ni wake. Aliibiwa wakati wa palizi. Alisimama kwenye uzio akamtazama yule ng'ombe, halafu akanitazama mimi. Alikuwa ananingoja niseme, na mimi nikawa nasugua chungu kilichokwisha takata. Mwisho akasema, "Hongera kwa posa, mama mwenzangu. Mungu amekukumbuka." Akaenda zake polepole. Nilikaa chini palepale, maana sauti ile naijua, ndiyo niliyoitumia mimi siku ya msiba.

Wasomaji, Jumapili wanakuja kusikia jibu. Nikikataa, nimekosa shamba na mtoto. Nikimwendea Bwana Shauri kule boma anakoamua kesi, jumbe ndiye atakayeitwa kutoa ushahidi. Nikikamua, nimeikubali posa. Lakini Mama Tabu ana mjukuu mchanga aliyefiwa na mama yake, na kila asubuhi hutuma kibuyu kwangu kuomba maziwa. Nishaurini, ndugu zangu: kibuyu hicho nikijaze?