Sanda Yangu Juu ya Mti

Aibu ninayo, na nitaisema mwenyewe kabla wifi yangu hajaitia chumvi: mimi nimepata kuulilia msiba wangu mwenyewe, tena kwa sauti.

Chanzo ni mti. Profesora mmoja, mwalimu wa shule yetu, wa kutoka kusini, alipohamishwa, aliniachia mche wa kwao, mfano wa mvinje, ila matawi yote yanainama chini kama nywele zilizolowa. Nikaupanda kintalini, uani kwangu, mbele ya mlango. Wifi Zuhura (jirani yangu, katikati ua wa makuti tu) akasema, "Chumvi ya hapa itauua huo. Mwisho wake jikoni."

Akaenda Namoto kwa binti yake. Nyuma huku upepo wa bahari ukazidi, ncha zikaanza kuungua, nami sina nguo kubwa ila bafta nyeupe iliyo sandukuni, sanda yangu (mzee mwenye akili hasubiri kununuliwa). Nikauzungushia mti wote, nikafunga kamba.

Asubuhi moja natoka kisimani, nasikia vilio kwangu. Kwetu mwanamke akisikia kilio analia kwanza, kuuliza baadaye. Nikatupa ndoo, nikashika kichwa, nikaingia uani nalia kuliko wote, nikamkumbatia mama mmoja aliyejitanda kanga. "Jamani, nani katutoka?"

"Bi Mwanaisha," akajibu bila kugeuka. "Wifi yake karudi, kapiga hodi, hakuitikiwa, kachungulia uani, kaona sanda imefungwa kamba."

Bi Mwanaisha ni mimi.

Alipogeuka alipiga ukelele, wengine wakaangusha ua wangu kwa kukimbia. Zuhura, machozi mpaka kidevuni, akanifinya mkono. "Wa moto!" Kisha hasira zikampanda. "Wewe mwanamke, wanaume wako makaburini wanachimba!"

"Waambie wafukie. Au uingie wewe."

Wakacheka, nami nimelowa maji ya ndoo, sijui pa kuweka uso. Lakini si wamekuja wote? Nikakata kamba, nikaivuta sanda mbele yao. Mti ule! Kijani kibichi, chipukizi kila ncha, matawi yanamwagika mpaka chini. Zuhura akauzunguka, akashika tawi.

"Wifi, likikatwa hili, linashika?"

Nikamwacha aulize mara ya pili.

Mchele wa msiba tukaupika tukaula. Leo mti umepita paa, na Zuhura ana wake. Kabla haujarefuka, upepo ukija nilikuwa naufunika kwa magunia. Sanda nimeifua, imebaki doa la utomvu. Haitoki tena sandukuni mpaka niwe ndani yake, na doa lile asilisugue mtu.