Mkeka wa Mama Mgonjwa

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi sokoni mwaka ule mama yangu alipougua. Tulikaa Kasongo, baba akiuza mchele na mawese. Mama, ambaye sikuwahi kumwona amelala mchana, alilazwa wiki tatu, na aliporudi kutoka hospitali hakuwa na nguvu hata ya kufika barzani, mbele ya nyumba. Dada yake, niliyemwita mama mkubwa, akapanda pikipiki kutoka Wamaza kuja kumuuguza.

Mama mkubwa alikuwa fundi wa mikeka. Hata akiwa kando ya mgonjwa vidole vyake havikutulia, nami nilikaa ubavuni mwake nikitazama. Siku moja nikamwambia nataka kumsukia mama mkeka wangu mwenyewe, mlaini, ili akipata nafuu akae nje na wenzake. Hakuniuliza kama nitaweza. Alinipasulia majani ya ukindu, akaniwekea vidole mahali pake, akanifundisha kusuka ule ukanda mrefu ambao baadaye hushonwa na nyingine mpaka ziwe mkeka. Ukanda wangu wa kwanza ulipinda kama njia ya Kabambare. Aliufumua, akanirudishia majani. Ule wa tatu uliponyooka niliuzungusha kiunoni, nikatembea nao uani kama bibi harusi.

Hapo ndipo jirani yetu, Mama Salima, alipokuja kumjulia mama hali. Akauliza ile kazi ni ya nani. Nikamjibu kwa fahari. Uso wake ukabadilika.

“Mutoto, mugonjwa hasukiwe mukeka,” akasema polepole. “Ukiimaliza, itamuzika.”

Nilijua kwamba watu wetu huzikwa na mikeka. Kesho yake homa ya mama ikarudi. Baba, ambaye sikudhani kuna kitu anachokiogopa, aliniambia kwa sauti ya chini niiache kazi hiyo. Nikazificha kanda zangu nyuma ya magunia ya mchele, nikakaa hapo nikilia, maana niliamini kabisa kwamba ninamuua mama kwa mikono yangu.

Mama mkubwa akanikuta. Hakunicheka, wala hakumsema Mama Salima vibaya. Alikaa juu ya gunia, akafikiri.

“Mukeka inazika mutu kama imeisha,” akasema. “Sisi hatutaimaliza. Upindo wa mwisho tutamuachia mama yako, amalize yeye.”

Alikwenda mwenyewe kumweleza baba. Baba akakubali. Tulishona kanda siku nne, tukapinda kingo za pande tatu. Upande wa nne tukauacha wazi, majani yamesimama, tukampelekea mama kitandani pamoja na sindano. Siku ya kwanza alipinda urefu wa kidole, akalala. Siku ya pili, vidole viwili. Mama Salima alikuja kila asubuhi, akautazama ule upindo, akaondoka. Homa ikashuka, mama akaanza kuomba uji, kisha wali. Upindo ulipofika pembeni, alitoka kwa miguu yake, akautandika mkeka barzani, akamwita Mama Salima wakae pamoja. Kila aliyepita akisalimia aliambiwa, “Huyu mutoto yangu ndiye alisuka.” Siku hiyo nilipita mbele ya barza mara nyingi, bila shughuli yoyote, ili nilisikie tena neno hilo.

Sasa najua ni dawa za hospitali zilizomponya. Najua pia, kwa kuwa mama alinieleza nilipokua, kwamba Mama Salima aliwahi kumsukia mkeka mwanawe mgonjwa, na mtoto huyo akazikwa nao. Hakuwa na nia mbaya. Alinipa onyo ambalo yeye mwenyewe hakupewa na mtu.

Lakini ninayemjivunia zaidi ni mama mkubwa. Angeweza kuniambia ni upuuzi, au kuninyang'anya kazi yangu, na yote mawili yangekuwa rahisi kwake. Hakufanya hivyo. Aliiheshimu hofu yangu, akaitafutia njia, na kazi ikabaki mikononi mwangu. Mimi pia nina watoto siku hizi. Wanaponijia na hofu ambayo mimi siiamini, navuta kiti kwanza, nakaa.