Nilimtetea Steringi, Ndugu Yangu Akapigwa

Makosa ni yangu. Semeni mtakavyo, lakini kazi siachi!

Mimi natafsiri sinema za Kihindi kwenye ukumbi wa video hapa Kitale. Picha ikicheza, naongea juu yake kwa Kiswahili, nachekesha watu, halafu narekodi na kusambaza mpaka Bungoma. Sauti yangu wanaijua.

Kwetu ukumbini kuna sheria moja: steringi, yule shujaa wa picha, hakosei. Akikosea, viti vinaruka. Na picha bila steringi ni baraza la chifu, nani atakuja?

Basi ikaja moja ya Kitamil, ya huko kusini mwa India. Steringi ni polisi, miwani nyeusi, mwendo wa maringo, watu wanapiga miluzi. Anampiga risasi kijana mpiga pasi, ati ameua msichana. Kumbe si yeye! Mwishoni steringi anapiga magoti mbele ya mama ya yule kijana, analia, anaomba msamaha.

Maandishi ya Kiingereza niliyasoma, nikaelewa vizuri. Lakini steringi alie? Mbele ya watu wangu? Nikamtilia maneno yangu, hata kosa la kijana nikalibadilisha: "Mama, mwanao alikuwa mwizi. Nimekusafishia boma. Nishukuru!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nilijiona mfalme!

Baadaye mdogo wangu, Wafula, alikuwa Naitiri, upande wa Bungoma, akitafuta ng'ombe wa mama; ng'ombe alikuwa amekata kamba. Mchana kweupe! Akaingia boma la watu kuuliza. Vijana wakamshika, ati mwizi. Walimpiga mpaka jicho moja likapofuka.

Nilimkuta hospitalini Bungoma. Nikamuuliza, "Ni akina nani?"

"Siwajui. Walikuwa wanacheka, ati wanasafisha boma. Walikuwa wanaiga sauti yako, bana."

Woi! Nilitoka nje. Tangu siku hiyo haniongeleshi. Nikienda nyumbani, anatoka. Mama ananipa chai huku anaangalia kando.

Sasa wengine wananishauri niachane na masteringi, nitafsiri picha za mafunzo. Sitaki! Watu wangu hawatakuja. Aliyetengeneza ile picha alijua hivyo: alimweka steringi ili watu wakae mpaka mwisho, wamsikie akikiri kosa. Ni mimi niliyewaziba masikio.

Nimeirekodi upya, na steringi analia vile alivyolia. Siku ya kwanza walinizomea, mmoja akarusha kiti, mwenye ukumbi akasema nitamfukuzia wateja. Nikaongeza sauti!

Nyinyi wenzangu mnaoshika maikrofoni, tieni chumvi, chekesheni, msifuni steringi mpaka mchoke. Lakini akikosa, semeni amekosa. Mkishayaachilia maneno, hayarudi. Ile tafsiri yangu ya kwanza bado iko kwenye simu za watu huko Naitiri, wanaiangalia wakicheka, na sina namna ya kuifuta.