Makali Yanayong'aa

Wiki iliyopita, karibu na njia panda ya Sonatubes, nilimwona seremala akiinua jino la randa juani akilikagua, nikaikumbuka siku moja nilipokuwa msichana wa miaka saba.

Baba alikuwa akinoa jino la randa yake kwa mkono tu, kwenye jiwe lililonuka mafuta ya taa. Bosi wa karakana alisimama nyuma yake, mikono kifuani. "Fundi, randa iko tayari? Ama kazi nimpe mwingine?"

Baba aliniinamia, akanionyesha jino. "Mwanangu, tazama makali. Yanang'aa?"

Palikuwa na mstari mwembamba mweupe. "Yanang'aa sana!" nilipaza sauti, nikidhani namsifu. Uso ukamsawijika, akarudi kwenye jiwe. Kwaru, kwaru. Akauliza tena, nikamsifu tena. Jasho lilimdondoka puani.

Mara ya tatu mstari ulikuwa umepotea. Nikadhani ameliharibu jino, nikamwonea huruma. "Bado yanang'aa, baba," nilinong'ona.

Alipitisha kidole gumba kwenye makali, polepole, kisha akacheka kidogo. "Unanidanganya."

Akalifunga jino, akasukuma randa ubaoni. Maranda marefu, membamba kama karatasi, yakajikunja hadi miguuni pa bosi, naye akaondoka.

Makali yanayong'aa ni butu; yakinoleka vizuri, mng'ao hupotea. Hilo nililijua baadaye. Baadaye zaidi nikajua kwamba macho ya baba yalikuwa yameshaanza kuzima, na kati ya watu wote, ni mimi aliyeniomba nimwazime yangu.